Figa Lililotoka Kabambare

Habari kwamba Mwalimu Asumani amefariki ilinikuta nyumbani Kabambare, miguu yangu ikiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi, maana siku hizi nisipoiloweka asubuhi hainifikishi hata kwenye mlango wa jirani. Aliyepiga simu ni Zaina, binti yake. Alisema wamekwisha kumzika, dini yao haingoji, lakini nisikose arobaini, kwa kuwa kuna jambo baba yake aliacha amelisema na mimi nimo ndani yake. Nikampa pole, nikamwombea marehemu, simu ikakatika. Nikabaki nimekaa mpaka maji yakapoa. Jambo la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe, halikuwa huzuni. Ilikuwa sauti ya mama yangu, aliye kaburini miaka mingi sasa: "Siku ile mwalimu atakufa, uniletee jiwe yangu." Nimezeeka na maneno hayo. Nimezeeka nikingoja mtu mwema afe ili nitimize ahadi, na kungoja kwa namna hiyo kunachosha kuliko kulima.

Mwaka nilioondoka na jiwe hilo ulianza kwa aibu. Nilikuwa nimeanguka mtihani wa Dola, ule wa kumaliza sekondari, mimi peke yangu kati ya wasichana wanne wa mtaa wetu wa Kasongo, na kwa wiki kadhaa sikutoka jikoni kwa mama. Lile jiko ninalijua mpaka leo kuliko chumba ninacholala. Kuta za matete zilizopakwa udongo nusu, kichaga cha kukaushia samaki juu ya moto, chungu cha maji pembeni, na katikati mafiga matatu meusi. Kupitia matete nilisikia yote yaliyosemwa njiani. Nilimsikia jirani akimwambia mwenzake, "Feza alisoma miaka sita, sasa iko anasoma sombe." Wakacheka. Mama alikuwa anatwanga majani ya muhogo, sombe hiyo hiyo, na hakuacha kutwanga, ila mchi ulianza kushuka kwa nguvu zaidi. Hakuniambia neno la kunifariji. Aliniwekea chakula kingi kuliko siku nyingine, na mimi nikakila chote nikilia.

Mwalimu Asumani alikuja asubuhi moja, mapema, na hakukubali kuingia sebuleni. Alisimama mlangoni pa jiko, baiskeli ameiegemeza kiunoni. Alikuwa mwalimu wetu wa historia, mwembamba, mwenye suruali moja iliyopigwa pasi mpaka inang'aa magotini. Kila wakati wa jua, shule ikifungwa, alikuwa anachukua wanafunzi kumi hivi kwenda Tongoni, kwenye magofu ya mji wa kale, kufyeka majani, kupima kuta na kuandika. Hakuna aliyemtuma wala kumlipa. Mke wake ndiye aliyekuwa akiwapikia, na mwaka ule mke alikuwa na mimba ya kwanza, tena nzito. "Mama Apolina," alisema, "niazime Feza apikie batoto miezi mbili. Mimi nitamusomesha kila siku kisha kazi. Mwaka kesho atapita, na mimi mwenyewe nitamuandikia barua ya kuingia ualimu." Mama alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Atapita?" "Atapita." "Basi mutwae. Lakini mutoto wangu hatapikia mawe ya kuokota peke yake."

Hiyo ilikuwa desturi ya mama, naye aliirithi kwa mama yake. Msichana akienda kupika ugenini, anabeba figa moja kutoka jiko la kwao, mawili anayakuta huko aendako. Mama mwenyewe alipoolewa alitembea kutoka Kabambare mpaka Kasongo na figa kichwani, limefungwa kwenye kitambaa pamoja na mbegu za karanga. Lilikuwa jiwe zito, jeusi kwa moshi, na upande mmoja lilikuwa na mfuo laini ambao kidole kinaingia, maana bibi yangu, kisha mama, walinolea visu vyao hapo. Aliliinamisha, akalitoa majivu kwa kiganja, akanitwika. "Moto ya ugeni haina adabu," alisema. "Hii itaifundisha. Uirudishe mbele ya mvua." Mahali pake aliweka tofali.

Mtu aliyesikia habari za miji ya kale ya mawe, akija Tongoni, anaweza kuuliza mji uko wapi. Kuta zilizokuwa zimebaki zilifika kiunoni, chache zilifika kifuani: misingi ya mawe, juu yake udongo mwekundu uliokuwa mgumu na kuanza kumomonyoka. Kulikuwa na vizingiti, kisima kilichoziba, na mistari ya miembe iliyopandwa na wafanyabiashara wa pembe waliotoka Pwani na kukaa hapo kama wafalme. Sote tulijua ni nani waliobeba yale mawe. Ni watu waliofungwa kamba shingoni, watu wa vijiji hivi hivi, na ndiyo sababu wazee wengi hawakupenda kupita pale hata mchana. Mwalimu alipapenda. Alitembea kati ya kuta na kamba yenye mafundo, akiita hesabu, na mwanafunzi mmoja akiandika. Alitupa sheria moja tu: ndani ya kuta hakuna moto. Jiko langu likawa nje, mahali peupe, kwenye upepo. Nilikoka moto kwa figa la mama na mawe mawili niliyoyaokota kwenye ukuta ulioanguka. Kila siku ilikuwa bugali, sombe, maharagwe, na Jumapili samaki wadogo waliokaushwa, na kila siku upepo ulitupia majivu ndani ya sufuria. "Feza, leo tena umetia chumvi ya Tongoni," wanafunzi walisema wakitema mchanga. Alasiri Mwalimu alinikalisha mbele ya kibanda chake, akanifundisha kile kilichoniangusha. Hakuwahi kupandisha sauti. Nilipokosea aliuliza swali lile lile kwa maneno mengine, akingoja, akitazama upande mwingine ili nisione haya.

Katika mwezi wa pili wa kazi aliitwa arudi Kasongo, mke wake alikuwa ameshikwa na uchungu. Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya. Nyuma ya nyumba kubwa kuliko zote kulikuwa na chumba kidogo ambacho vipimo vya Mwalimu havikuwa vimekifikia, kuta zake zinakinga upepo pande tatu. Nilihamishia mafiga humo. Nilijua nimekatazwa, lakini Mwalimu hayupo, na mimi nilikuwa nimechoka kuchekwa. Nilipika humo siku nane, chakula safi, na nikakipenda kile chumba. Nilivunja chungu kimoja, vigae nikavisukumia kwenye kona. Siku ya tisa, adhuhuri, wingu jeusi limepanda, nikasikia kengele ya baiskeli na wanafunzi wanashangilia. Mwalimu amerudi, amepata mtoto wa kike, Zaina. Nilikimbilia ndani, nikatoa sufuria, nikatupia udongo juu ya majivu. Mafiga yalikuwa ya moto, hayashikiki. Nikasema nitayachukua baadaye. Saa ile ile mvua ikashuka, mvua ya kwanza, kabla ya wakati wake, na ilinyesha mpaka jioni. Asubuhi nilipokwenda, ukuta wa nyuma ulikuwa umelala. Chumba kilijaa udongo mpaka magotini. Mwalimu alikuwa anaita tufunge mizigo, mvua imeanza, vitabu vitaharibika. Ningeomba jembe ningeulizwa la nini. Nikarudi Kasongo mikono mitupu.

"Jiwe yangu?" mama aliuliza, kabla hata ya kunisalimia.

"Imebakia Tongoni, mama. Nitaifuata."

Aligeukia tofali lake. Miezi yote ya mvua nilikuwa namwona akiinua chungu, akisukuma kipande cha kigae chini yake ili kikae sawa, na tofali lilikuwa linakatika kidogo kidogo kwa joto, akaleta lingine, nalo likakatika. Mara moja chungu kiliinama, maharagwe ya moto yakammwagikia mguuni, akavaa kandambili moja wiki mbili. Mimi nilikuwa nasoma. Kila alasiri nilikwenda kwa Mwalimu, nikakaa kwenye mkeka sebuleni mwake, Zaina mchanga mapajani pangu, kitabu juu ya mgongo wake. Mke wa Mwalimu alikuwa akipitisha chai ya mchaichai bila sukari, akisema, "Huyu mutoto atapata diploma mbele yako." Mtihani ulikuja, nikaufanya. Wakati wa jua ulipofika tena, matokeo hayajatoka, nikaenda Tongoni kupika, na safari hii nilikuwa na nia moja: kulichimbua jiwe la mama.

Sikuwahi. Siku ya tatu tu Mwalimu aliwaambia wanafunzi, wote wapya mwaka ule, wasafishe kile chumba cha nyuma. Nilikuwa nachagua maharagwe nje. Nilisikia jembe likigonga jiwe, kisha Mwalimu akisema, "Muache. Muache yote. Mutoke." Nilikwenda nikasimama kizingitini. Alikuwa amepiga magoti, anaondoa udongo kwa vidole, polepole. Yalionekana mafiga matatu, mahali pale pale nilipoyaacha. Yalionekana majivu, makaa, na vigae vya chungu changu. "Munaona?" alisema, na sauti ilikuwa si yake. "Iko chini ya ukuta. Ukuta ulianguka juu yake. Hii jiko ni ya zamani kuliko kuanguka." Akakuta mfuo kwenye figa la mama, akaupitisha kidole. "Hapa mwanamuke alinolea kisu. Si mwaka moja. Miaka mingi." Hilo, angalau, lilikuwa kweli.

Nilifungua mdomo. Mpaka leo naapa nilifungua mdomo. Lakini Mwalimu alikaa chini kwenye udongo na suruali yake ile ya pasi, akaanza kulia mbele ya wanafunzi wake. Alisema, "Bibi yangu, aliyemuzaa babu, aliletwa hapa na kamba. Alipikia hawa batu mpaka akafa. Hatuna kaburi yake. Hatuna hata jina. Baba alinionyesha huu mji akaniambia, alikuwa humu, fasi gani sijui." Akaweka kiganja juu ya figa. "Sasa ninajua fasi." Wanafunzi wote waliinamisha vichwa. Ningesema nini? Mwalimu, ni mimi, nilikuwa napika sombe hapa mwaka jana? Nilikuwa na sababu nyingine pia, na sitaificha: barua yangu ya ualimu ilikuwa bado haijaandikwa. Nilirudi kwenye maharagwe yangu. Jioni ile Mwalimu aliyapaka mafiga namba kwa rangi nyeupe, moja, mbili, tatu, akayachora daftarini, akakataza mtu yeyote asiyasogeze. La mama lilikuwa namba moja.

Matokeo yalitoka, nikapita. Barua iliandikwa, ndefu, kwa mwandiko mzuri. Nilipomwonyesha mama diploma alinikumbatia, kisha akauliza jiwe. Nikamweleza yote, tukiwa peke yetu jikoni, yeye amekaa kwenye kigoda. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo," alisema, "mwalimu analilia figa yangu, na mimi niko ninapikia tofali." Nilimwambia nitakwenda kusema ukweli kesho yake. Akakoroga moto muda mrefu. "Hapana. Mutu amekwisha kulia, utamurudishia machozi na nini? Lakini ile jiwe ni ya mama yangu. Siku ile mwalimu atakufa, uniletee jiwe yangu." Alikuwa na hasira, na hasira yake haikuisha. Alikuwa tu na adabu kuliko hasira yake.

Alikufa kabla ya Mwalimu. Nilikuja kutoka Kabambare, nilikopangiwa kazi, nikakuta jiko lake na mafiga mawili na tofali. Wakati huo nilikuwa nimewafundisha watoto wa darasa la tano, mwaka baada ya mwaka, habari ya jiko la Tongoni, maana lilikuwa ndani ya madaftari ya Mwalimu tuliyonakili sote. Nilikuwa nachora mafiga matatu ubaoni kwa chaki na kusema, hapa walipikia mabibi zetu walioletwa kwa kamba. Watoto walikuwa wananyamaza. Sijui ni somo gani lingine nililofundisha lililowanyamazisha hivyo. Nikifika nyumbani nilikuwa natamani kulala tu.

Nilifika Kasongo kwa arobaini nimekaa siku mbili mgongoni mwa pikipiki, mifupa yote ikilalamika. Baada ya kisomo na pilau, Zaina alinivuta pembeni. Naye ni mwalimu wa historia sasa, katika shule ya baba yake, ana mvi mbele ya kichwa na mkao ule ule mwembamba. "Mama Feza," alisema, "baba alisema hivi: bibi yake hana kaburi, kwa hiyo anataka jiwe moja ya ile jiko ikae kwenye kaburi yake yeye, ile yenye alama ya kisu. Na alisema wewe ndiye uibebe, juu ya vile ulikuwa pale siku ile." Nilimwambia nimechoka, twende kesho.

Tulikwenda asubuhi, kwa pikipiki mbili mpaka njia inapokwisha, kisha kwa miguu. Tongoni niliyoijua haipo. Watu wamekuja na baiskeli na mikokoteni, wakachukua mawe ya misingi, na huwezi kuwalaumu, mtu akijenga nyumba anatafuta jiwe. Nyumba kubwa ni shamba la muhogo. Kisima ni shimo. Mwalimu alikuja kila mwaka kuwasihi, kisha nguvu zikamwishia. Lakini katikati ya muhogo, mahali palipokuwa chumba cha nyuma, palikuwa peupe, pamefagiwa, na mafiga matatu yamekaa kama nilivyoyapanga, namba zikiwa bado zinaonekana kidogo. "Hapa hakuna anayegusa," Zaina alisema. "Hata benye kuiba mawe banaogopa. Banasema ni moto ya mabibi." Mji mzima umebebwa, jiko langu peke yake limebaki.

Miguu ilinikataa, nikakaa chini. Nikamwambia. Nilimweleza habari za upepo, sombe yenye mchanga, mvua, ukuta, chungu changu kilichovunjika, mama na tofali. Zaina alisimama na jembe mkononi mpaka nilipomaliza.

"Baba alijua?"

"Hapana. Sikumuambia."

"Alikuwa analia hapa kila mwaka. Mimi nilimuona. Alinileta nikiwa mutoto."

"Ninajua."

"Juu ya jiwe ya mama yako."

"Juu ya jiwe ya mama yangu."

Akatupa jembe, akaenda mpaka mwisho wa shamba, akanipa mgongo. Nilifikiri ataondoka, na nisingemlaumu. Nilitazama vidole vyangu vya uzee juu ya magoti nikaona aibu ya umri wa miaka kumi na tisa, nzima, haijapungua. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Aliinama, akaling'oa figa namba moja, akalifuta kwa upindo wa kitenge, akaniwekea mapajani. "Beba, mama. Ni ya kwenu. Mama yako alingoja ya kutosha. Baba nitamutafutia ingine."

Basi lilikuwa langu. Nililishika, likiwa zito vile vile, kidole kikaingia kwenye mfuo bila kutafuta. Ningeweza kulipeleka siku ile ile, nikalala usingizi. Nilikaa nalo muda mrefu, jua likanichoma shingo, na nikajua sitalichukua. Jiwe lililoliliwa miaka yote hiyo lina mwenyewe. Nilimwambia Zaina hivyo. Kisha nikamwonyesha namba mbili na namba tatu. "Hizi ndizo za mji," nikasema. "Hizi nilizitoa mimi mwenyewe kwenye ukuta. Hizi ndizo zilibebwa na batu ya kamba." Alichutama akayagusa yote mawili kwa zamu. Labda mikono ya bibi wa baba yake ilipita hapo, labda haikupita. Akachukua namba mbili, akanipa. Namba tatu tuliiacha. Figa moja haliinjiki chungu, lakini pale hapapiki mtu tena.

Kasongo tulirudi alasiri, tukaliweka figa la mama kichwani pa kaburi la Mwalimu, mfuo ukitazama juu. Zaina alisoma dua. Mimi nilisema asante kwa barua, na nikaomba radhi kwa sauti, mbele ya bintiye, kama nilivyopaswa kufanya nikiwa msichana.

Kisha nikaenda peke yangu kwenye makaburi ya misheni, namba mbili imefungwa kitambaani, kichwani. Nilipumzika njiani mara nne. Kaburi la mama lina msalaba wa mti niliokwisha kuubadilisha mara mbili. Nililitua jiwe. "Mama," nikasema, "mwalimu amekufa. Jiwe yako iko kwake, nimeiacha, unigombeze tukionana. Hii ni ya bibi yake." Lilikaa vizuri kwenye udongo, halikuyumba. Lakini lilikuwa geni, linakwaruza pande zote, halina hata alama moja ya kisu. Nikatafuta ndani ya mfuko wangu kile kisu cha kumenyea viazi nilichobeba kwa safari, nikapiga magoti ambayo hayataki tena kupigwa, nikaanza kunoa.